Ng'ombe Watano au Thamani Yao

Mpanda ya miaka ya tisini kila mtu alikuwa na dhahabu, au alikuwa na jamaa anayejua ilipo. Mimi sikuchimba. Kuchimba niliona ni kazi ya watu wenye matumaini. Mimi nilinunua. Nilipanga chumba kimoja Kashaulili, karibu na soko, na mbele yake kulikuwa na kibaraza ambapo niliweka kiti, mizani ndogo ya mkononi, jiwe jeusi la kusugulia na kichupa cha tindikali. Mchimbaji alileta punje zake kwenye karatasi ya sigara. Nilizisugua kwenye jiwe, nikadondosha tindikali, tukainama wote wawili kutazama kama mchirizi utabaki. Kisha nilipima, kwa njiti za kiberiti upande wa pili wa mizani. Kisha nilipima tena. Watu wa sokoni walinitania kwamba hata salamu naipokea mara mbili, nione kama haikupungua njiani.

Sarafu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu. Mzee mmoja mstaafu aliniletea akidhani ni medali: dhahabu, upande mmoja sura ya mkubwa, upande wa pili mnyama wa porini. Niliisugua kwenye jiwe, nikaitia tindikali, nikaikwangua ukingo kwa tupa kuhakikisha si shaba iliyopakwa. Ilikuwa dhahabu kweli. Nikailipia kwa uzito, tukaagana vizuri.

Siku chache baadaye akapita mzungu mmoja wa mawe, wale waliokuwa wakija kupima miamba na kulala gesti ya jirani. Alizoea kukaa kibarazani kwangu jioni. Alipoiona sarafu ile alishika kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Umeisugua?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikongoja lakini kilifika.

"Nimeisugua."

"Na tindikali?"

"Kidogo."

Akatoka nje akawasha sigara. Aliporudi alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto aliyemuua njiwa wa mtu. Sarafu zile hupigwa chache tu, kwa ajili ya kumbukumbu, si za kwenda nazo dukani. Zikishatoka hizo chache, chapa inavunjwa. Huko kwao watu huzitafuta, huziweka kwenye vikasha, na bei yake haiko kwenye dhahabu peke yake. Bei yake ni kubaki kama zilivyotoka kwenye mashine. Zisisuguliwe wala kufutwa. Hata kidole kikigusa uso wake, mafuta ya kidole hubaki pale, na mwenye macho atayaona.

Tangu siku hiyo nikawa mkusanyaji. Nilinunua moja kwa mjane wa ofisa. Nyingine niliipata Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mfanyabiashara wa boti, yeye aliipata ng'ambo ya ziwa na hakujua ni ya nchi gani. Moja ilikuja kwa treni, mfukoni mwa mtu wa Dar aliyekuja kutajirika machimboni akaishia kuuza saa, redio, mwisho ile sarafu. Nilifikisha tano, na ukiijumlisha ile niliyoiua, sita. Nzuri kuliko zote ilikuwa na ndege mdogo, amekaa kwenye tawi, na chini yake imeandikwa shilingi elfu mbili. Ilikuwa bado ndani ya kikasha chake cha plastiki. Nilizihifadhi ndani ya pamba, kwenye kopo la maziwa ya unga, na nilipozitazama nilizishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa mende kwenye chai.

Tulikaa wawili pale Kashaulili, mimi na mdogo wangu. Baba yetu alikwisha kufariki na mimi ndiye niliyemchukua. Alienda machimboni kunitafutia wateja, alibeba ujumbe, alipika, usiku alilala nyuma ya mlango kama mlinzi. Mshahara sikumpa. Nilimwambia nitamwolea. Kwetu kaka mkubwa husimama mahali pa baba, na kumwolea mdogo wako ni jambo kubwa kuliko mshahara. Hivyo ndivyo nilivyolihesabu, na kila nilipolihesabu lilinitokea vizuri.

Akampata msichana wa kijiji cha Mamba, aliyekuwa akija Mpanda na shangazi yake kuuza mchele. Mshenga tulikuwa naye mlango wa pili: fundi cherehani, mzaliwa wa Mamba, mtu wa maneno mengi na futi shingoni. Alipeleka posa, akarudi na majibu kwenye karatasi. Ng'ombe watano au thamani yao. Jembe. Blanketi la bibi. Na heshima. Heshima niliiruka, kwa kuwa haikuwekewa bei. Macho yangu yalikwama kwenye "au thamani yao".

"Hapa wamefungua mlango," nikamwambia fundi.

"Mlango gani?"

"Mzungu aliniambia ile ya ndege, kwa watu wanaojua, ni ng'ombe watano na ndama wa chenji."

Fundi alinitazama juu ya miwani. "Mamba kuna watu wanaojua?"

"Watajuzwa."

Mdogo wangu aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Kaka, kwa nini tusiiuze, tukanunua ng'ombe wenyewe?"

Nikamwambia mzungu ameshaondoka, na Mpanda hakuna mwingine wa kuinunua isipokuwa kwa uzito. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo sikumwambia ni kwamba sikutaka iende mbali. Ikikaa Mamba kwa wakwe, najua ilipo. Siku moja watahitaji mbolea au ada ya shule, nao watakuta haiuziki sokoni kwao, na nitakuwa mimi wa kuwasaidia kwa kuinunua. Kwa bei ya shemeji. Kabla haijatoka kwenye kopo, safari yake ya kurudi nilishaipanga.

"Sawa," mdogo wangu akasema. "Wewe ndiye baba."

Tulipanda lori lililokuwa likienda kufuata mpunga. Fundi alivaa suti aliyojishonea, na njia nzima alinifundisha mila za kwao, akipiga kelele kushinda injini. Nikae wapi, nisimtazame nani, nianze kumsalimia nani. Tulipokuwa tumeshapita Sitalike akasema:

"Na katika ukoo ule mahari hupita mikononi mwa watu wote. Kila aliyekaa kwenye mkeka anaigusa. Jembe linaguswa, blanketi linaguswa, ng'ombe wanapigwa makofi mgongoni. Asiyegusa hajala, na ambaye hajala anaweza kesho kusema binti hakuolewa."

"Vizuri," nikasema. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya mfuko wa koti, nikifikiria vumbi. Maneno yake yalinipita kama yalikuwa ya abiria mwingine.

Tulipokewa vizuri. Baba wa binti alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye sauti ndogo, amevaa koti la kwenda kanisani. Dada yake mkubwa, yule shangazi wa mchele, ndiye aliyekuwa msemaji. Walitupa maji tukanawa, tukala wali na kuku, wakatupa maji tena tukanawa tena, wao na sisi. Kisha tukaketi, wao upande ule, sisi upande huu, na katikati ukawekwa ungo juu ya mkeka. Fundi akaweka jembe. Akaweka blanketi. Nami nikaweka kikasha, nikakifunika kwa kipande cha kanga kama ilivyotakiwa.

Shangazi akafunua. Akatazama. Akafunika, akafunua tena.

"Nyie watu wa Mpanda," akasema, "ng'ombe mmewafunga wapi?"

"Ng'ombe wako hapo kwenye ungo, shangazi."

"Watano wote?"

"Wote."

"Basi wamekonda."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka nao, maana mzaha mwanzoni mwa biashara ni dalili njema. Mzee akakichukua kikasha, akakisogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Hapa pameandikwa shilingi elfu mbili," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma tu.

Kwa elfu mbili wakati ule ulikuwa unarudi nyumbani na kuku na chumvi. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza bidhaa vizuri kuliko siku ile: dhahabu yenyewe, uchache wake, chapa iliyovunjwa, wazungu wanaozitafuta. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mimi mambo ya dhahabu siyajui," akasema. Akamgeukia fundi. "Wewe ni mtoto wetu. Unasemaje?"

Fundi akakohoa. "Mzee, huyu bwana sokoni anajulikana. Akisema kitu kina bei hii, kina bei hii."

"Basi," mzee akasema. "Kama mtoto wetu amesema, na kaka wa mkwe wetu amesema, sisi tutabisha nini? Tuipitishe."

Yaani walikuwa wamekubali. Naomba hilo lieleweke. Watu wale, ambao hawajawahi kuona sarafu ya namna ile, walikuwa wamekubali neno langu mahali pa ng'ombe watano. Mdogo wangu alishusha pumzi pembeni yangu nikaisikia. Mzee akafungua kikasha kwa ukucha wa dole gumba, akaimimina sarafu katikati ya kiganja chake, na kidole kimoja kikaenda moja kwa moja juu ya yule ndege.

"Usiishike!"

Ilikuwa sauti yangu. Nilishanyanyuka nusu, mkono nimeunyoosha mbele.

"Shika ukingoni, mzee! Mikono ina mafuta!"

Fundi alifumba macho. Mzee hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, watu waliokasirika ndio wateja wangu wa kila siku. Aliutazama mkono wake, upande huu na upande huu, kama vile nimemwambia unatoka damu. Mkono aliokuwa ameuosha mara mbili mbele yangu. Kisha akaichukua sarafu ukingoni, kwa vidole viwili, sawasawa kabisa na nilivyosema, akairudisha juu ya kanga.

"Samahani, mwanangu," akasema.

Shangazi akanigeukia. "Kwani ikishikwa inakuwaje?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza, au angepiga magoti. Mimi niliulizwa swali kuhusu bidhaa, nikajibu.

"Inashuka bei, shangazi."

"Ikishikwa na nani?"

"Na yeyote."

"Hata na wewe?"

"Hata mimi. Mimi mwenyewe nashika ukingoni."

"Kwa hiyo umetuletea kitu cha kutazama."

"Ni mali, shangazi."

"Mali gani hiyo, mwenye nyumba haruhusiwi kuishika? Na binti yetu je? Naye akifika huko kwenu Mpanda, akishikwa atashuka bei?"

Wanawake walicheka. Wanaume hawakucheka. Mdogo wangu alikuwa anatazama kamba za mkeka kana kwamba ndizo alizokuja kuoa.

Tukaambiwa tutoke nje ili wenyewe wazungumze. Tulikaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kando ya ghala la mpunga. Fundi aliitwa ndani, tukabaki wawili. Jua lilikuwa kali na sikuthubutu kusogea kivulini, kwa kuwa upande wa kivuli ndiko alikokaa mdogo wangu.

"Kaka," akasema, "hivi ulikuwa unaitoa kweli?"

"Si umeona nimeiweka kwenye ungo?"

"Nimeona. Nauliza kama ulikuwa unaitoa, au ulikuwa unaihifadhi."

Ningeweza kumdanganya, na nilikuwa na maneno tayari. Lakini nilichoka ghafla. "Ningekuja kuinunua baadaye," nikasema. "Kwa bei nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Nikapangusa vumbi kwenye mfuko wa koti.

"Mimi nimeshamwambia yule mtoto wa watu," akasema, na sauti haikuwa na hasira hata kidogo, "kwamba wewe ni baba yangu. Nilimwambia hivyo kabla hata hajanikubali. Nilimwambia kwetu hatuna mali lakini nina kaka."

Fundi akatoka ndani. Alikuja polepole, akifuta miwani kwa ncha ya suti.

"Kuna faini," akasema.

Faini kwenye mahari ni jambo la kawaida. Watu hupigwa faini kwa kuchelewa, kwa kukosea salamu, kwa kukohoa mahali pasipofaa.

"Faini ya nini?" nikauliza.

"Kumwamuru mwenye nyumba ndani ya nyumba yake."

"Kiasi gani?" Mdomo ulinitangulia.

"Elfu mbili."

Nikashusha pumzi. Hata kicheko kilinijia. "Hiyo nafuu," nikasema, na mkono ukaenda mfukoni.

"Hawataki za mfukoni," fundi akasema. "Wanasema elfu mbili iko tayari pale kwenye ungo. Imeandikwa."

Nilisimama na noti zangu mkononi.

"Na mahari?" mdogo wangu akauliza.

"Mahari ni ng'ombe watano. Wenye miguu. Yale maneno ya thamani yao wameyafuta."

Nilikuwa na hoja. Bado ninazo, zote. Elfu mbili ya pale ungoni si elfu mbili, huo ni wizi wa mchana, hata kwa uzito peke yake wanakula ng'ombe wawili kwa kosa la maneno mawili. Nilivuta pumzi nianze. Nikamtazama mdogo wangu, nikaona hanitazami mimi. Alikuwa anautazama ule mlango, amekunja mikono kifuani, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe au lisisomwe.

"Sawa," nikasema.

Tukaitwa ndani kushuhudia. Sarafu ilizungushwa kwenye ungo, ikapita mikononi mwa watu wote. Shangazi alimsugua yule ndege kwa dole gumba mpaka akaridhika. Bibi aliing'ata kwa jino lililobaki. Mjomba mmoja aliifuta kwenye suruali, akaitazama, akaifuta tena. Ilizunguka mkeka mzima, na nilikuwa nimekaza meno, nikijiambia ni chuma tu. Ilipomfikia mzee hakuinua mkono. Aliusukuma ungo taratibu kwa jirani yake, akasema, "Mimi nimeshaiona."

Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniamsha.

Tuliporudi Mpanda nilitoa kopo. Hakuna aliyenunua sarafu kama sarafu. Mnunuzi mwenzangu wa mtaa wa pili aliweka jiwe lake mezani akazisugua moja baada ya nyingine, akadondosha tindikali, kama ambavyo ningefanya mimi. Akanipa bei ya uzito. Alishangaa kwamba sikubishana. Alidhani ninaumwa, akaniuliza kama nimekunywa klorokwini. Ng'ombe tuliwanunua kwa Wasukuma, na mdogo wangu akawaswaga mwenyewe kwa miguu mpaka Mamba, na mwenzake mmoja. Sikuambiwa nifuatane nao.

Ndoa ilifungwa kanisani. Nilikaa mahali pa baba, mbele, na mzee alihakikisha nimekaa hapo, akawarudisha nyuma ndugu zake mwenyewe ili nipate nafasi. Alinitambulisha kwa kila mtu kwa heshima. Lakini aliponisalimia hakunipa kiganja. Alinipa kifundo cha mkono, amekunja vidole ndani, kama mtu anavyomsalimia mgeni akiwa ametoka kupanda mpunga na mikono ina tope. Nilikishika kile kifundo sikujua nikiachie lini. Baadaye nilimuuliza fundi.

"Si mkulima yule?" fundi akasema. "Ni mazoea tu."

Lakini wengine aliwapa kiganja. Nilitazama mstari wote, kisha nikautazama tena.

Jioni ile lori la kurudi lilikuwa linapakia. Mdogo wangu alinisindikiza, bado na suti ya fundi, ua kifuani limeanza kunyauka. Alikuwa amebeba gunia dogo la mchele.

"Kaka," akasema, "mzee amenikatia shamba. La mpunga, kule bondeni. Nimekubali."

"Utalima lini? Kazi ya Kashaulili je?"

"Utapata mtu."

"Ni nani atakaa nyuma ya mlango?"

"Utampata."

Nikamwambia nitamlipa. Mshahara, kila mwezi. Nikataja kiasi, na kabla hajafungua kinywa nikaongeza, nikaongeza tena. Sijawahi maishani kujipandishia bei mwenyewe namna ile, mbele ya utingo na abiria wanaosikiliza. Alinisubiri nimalize.

"Kaka, huna deni," akasema. "Umeniolea. Ulisema utaniolea, umeniolea."

Alisema kweli, nami nilitamani aseme uongo. Alinisaidia kupanda, akanipitishia gunia la mchele, akaniambia limetoka kwa mzee. Niliuliza ni kiasi gani, akatikisa kichwa. Injini ikawaka.

"Usalimie nyumbani," akaniambia.

Nikamwambia nitasalimia. Nyumbani kwenyewe hakukuwa na mtu mwingine.